Saa ya Fundi Mmoja



Neno langu la leo ni juu ya saa ya mkono. Sisemi ile inayouzwa dukani kwa kadiri ya mfuko wa kila mtu, bali ile iliyoundwa na fundi mmoja kwa mikono yake mwenyewe, tangu chuma kikiwa kipande hata siku akrabu zinapoanza kutembea. Huenda mwanafunzi akauliza, "Saa hiyo yatuhusu nini sisi?" Kwa maoni yangu yatuhusu sana, hasa sisi ambao asili yetu ni visiwa vya Bajuni, toka Kismayu mpaka Kiamboni: watu wa Koyama, Chovai, Chula na kwinginepo.

Kwanza tuijue yenyewe. Saa ya namna hii haina betri. Mwenyewe huitia ufunguo, na kamani iliyo ndani hujikaza. Kamani ikitaka kukunjuka huyasukuma magurudumu yenye meno. Lakini ikiachwa ikunjuke ipendavyo, nguvu zake zote huisha mara moja. Kwa hiyo pana kifaa kidogo kinachoizuia na kuiachia, kikifuata mwendo wa gurudumu moja lichezalo huko na huko. Huo ndio mlio tuusikiao tukiiweka saa sikioni. Zipo saa ambazo hulia mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 usiku na mchana, bila kupumzika.

Kiwandani kazi hiyo hugawanywa: huyu hukata magurudumu, yule hutengeneza skrubu, mwingine huunganisha, na aghalabu hapana hata mmoja awezaye kuiunda saa nzima. Lakini wako mafundi wachache ulimwenguni waliokataa mgawanyo huo. Mmoja wao alikuwa George Daniels, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1926 katika nyumba ya kimaskini. Alitoka shuleni akiwa na miaka 14, akaajiriwa katika kiwanda cha magodoro. Baada ya kutumikia jeshini alishika kazi ya kutengeneza saa mbovu, huku akisoma jioni. Mwaka 1969 alimaliza saa yake ya kwanza. Baadaye alihamia Isle of Man, kisiwa kidogo kilichoko baharini baina ya Uingereza na Ireland, akaendelea na kazi huko mpaka alipofariki mwaka 2011. Saa moja ilimchukua yapata saa 2,500 za kazi. Tena alibuni njia mpya ya kuizuia na kuiachia kamani, na mwaka 1999 kampuni kubwa ya Omega ilianza kuitumia njia hiyo katika saa zake.

Lakini jambo linipendezalo zaidi ni kwamba Daniels hakuuficha ujuzi wake. Mwaka 1981 alitoa kitabu kinachoeleza kazi yote, hatua kwa hatua. Kijana mmoja wa Bolton, jina lake Roger Smith, alikisoma, akaunda saa ya mfukoni na kumpelekea. Daniels aliikataa, akamwambia aanze upya. Kijana hakununa. Alirudi mezani kwake, akakaa na saa ya pili kwa miaka zaidi ya mitano. Alipoileta, mwaka 1998, mzee aliikagua akiuliza ni nani aliyetengeneza sehemu hii na ile, na kila mara jibu lilikuwa, "Ni mimi." Hapo ndipo alipomkubali kuwa fundi. Leo Roger Smith ana karakana yake katika kisiwa kile kile, naye huunda saa za mkono pamoja na wasaidizi wachache.

Najua yuko atakayepinga. Atasema saa hizo bei yake yapita bei ya nyumba, na kwamba saa ya betri ya quartz, iliyoanza kuuzwa Tokyo na kampuni ya Seiko mwaka ule ule wa 1969, hutunza wakati vizuri zaidi kwa fedha kidogo. Asema kweli, wala simshauri mtu aitamani saa asiyoiweza. Kujua wakati si jambo gumu. Wazee wetu walihesabu saa kwa jua, ambalo huku kwetu karibu na ikweta huchomoza karibu wakati mmoja mwaka mzima, na kwa maji kujaa na kupwa. Wala hawakukosa bamvua. Thamani ya saa ya fundi mmoja iko kwingine. Ni ushahidi kwamba kazi nzima yaweza kukaa katika kichwa na mikono ya mtu mmoja, na ya kwamba mtu huyo akitaka aweza kumrithisha mwingine.

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Wabajuni ndio waliosifika kwa kuunda mtepe, chombo kilichoshonwa mbao kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka. Fundi wa mtepe naye aliijua kazi nzima: aliujua mti wa kufaa, alijua pa kutoboa kwa keekee, na namna ya kukaza kamba ili maji yasipite. Chombo hicho kilitoweka katika karne ya 20. Jahazi la misumari lilikishinda katika biashara, na kwa hilo simlaumu mtu. Linalonisikitisha ni kwamba mafundi wale walipokwisha, kazi yao ilikwisha nao. Sehemu kubwa ya tunayoyasoma leo juu ya mtepe iliandikwa na wageni, kama A. H. J. Prins wa Uholanzi. Twawashukuru, lakini mgeni huandika alichokiona kwa macho, na fundi ndiye ajuaye kilichomo mkononi.

Sasa tazameni hali yetu. Vita vilivyoanza Somalia mwaka 1991 viliwatawanya watu wa visiwa. Wengi walikimbilia Mombasa, na wengine wakafika hata Ulaya. Fundi wa mashua aliyehamia mjini hana pwani ya kuundia, na mwanawe hana mahali pa kumtazama babake akishika tezo. Tukingoja, mashua nayo itafuata njia ya mtepe, na baada yake madema, na milango ya kuchonga, na hata fundi saa wa barazani ambaye bado ajua kuifungua saa ya kamani na kuifunga ikalia.

Kwa hiyo natoa shauri mawili. Kwa ninyi wanafunzi: kila mmoja aendapo likizo na akae na fundi mmoja, awe wa mashua, wa saa au wa madema, aandike kila chombo kwa jina lake na kila hatua kwa mpango wake, kama Daniels alivyoandika yake. Andikeni mkuku, mataruma na fashini kabla maneno hayo hayajawa mageni masikioni mwetu. Gazeti hili na liyachapishe. Kwa sisi tuliokwisha kutoka shuleni: tuchange tununue vyombo vya karakana, tuwaalike mafundi wafundishe, na tuwape heshima ya mwalimu na malipo ya mwalimu, maana elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Sisemi sote tuwe mafundi. Madaktari na mahakimu twawahitaji pia. Lakini kijana aliyewahi kuunda kitu kimoja tangu mwanzo hata mwisho, kikakataliwa, akakiunda tena, huyo amejifunza jambo ambalo mtihani haulipimi. Mwenye rai nyingine na aandike. Ukurasa huu ni wetu sote.