Jinsi Moja na Jinsi Mbali

Vijana wetu wasomao skuli hutuuliza: wanyama wawili wakifanana, tutajuaje kama ni jinsi moja au ni mbili? Suali hili ni jema, na jawabu lake lina faida hata kwa wazee wao.

Wengi wetu huhukumu kwa jicho. Wataalamu wa viumbe hawaridhiki na jicho. Wao hutazama uzazi. Ernst Mayr, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1942: jinsi moja, ambayo siku hizi huitwa spishi, ni wale wazalianao wao kwa wao katika maumbile yao, wala hawazaliani na wengine. Haiwafai viumbe wazidio kwa kujigawa tu, kama bakteria. Lakini kwa wanyama tuwaonao ni mizani njema.

Mtazameni baghala. Mama yake ni farasi, baba yake ni punda. Ana nguvu na uvumilivu, lakini hazai. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, naye baghala amepata 63, zisizogawanyika sawasawa katika jozi. Wamepata kuonekana baghala majike waliozaa, ila ni wachache mno, na la nadra halina hukumu. Basi farasi na punda ni jinsi mbili.

Tena jicho hudanganya. Mbu wa malaria aitwaye Anopheles gambiae alidhaniwa kuwa ni mmoja. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliwachanganya mbu wa mahali mbalimbali, na watoto wa kiume wakatoka tasa. Ikadhihirika kuwa chini ya jina moja mlikuwa na jinsi kadha: mmoja hutaga katika maji yenye chumvi ya pwani yetu; mwingine hupenda damu ya ng'ombe, wala hahesabiwi kuwa mwenezi wa malaria. Ampigaye vita adui asiyemjua hupoteza silaha zake.

Kwa watu jicho hudanganya kinyume cha hayo. Huona rangi, nywele na kabila, likadhani jinsi ni nyingi. Lakini weusi na weupe, wa bara na wa pwani, huoana wakazaa, na watoto wao wakazaa. Basi mzazi amkataaye mposaji mwema kwa kusema, "Huyu si jinsi yetu," elimu hii haimpi hoja, na binti yake ndiye alipaye gharama ya neno hilo. Sote tu binadamu, na jina lenyewe latwambia tu wana wa nani.