DARASA LA NYUMBANI: Makabati ya Jikoni Yanayohama Pamoja na Familia

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi twaongeza kwamba aliyekwisha kuingia ndani huutambua utaratibu wa nyumba mara afikapo jikoni.

Familia ya askari ina shida yake ya pekee. Leo mko Mbarara, mwakani barua ya uhamisho inawapeleka Gulu, na nyumba mnayoishi ni mali ya Serikali. Seremala akiwajengea makabati kwa saruji na misumari, fedha yote hubaki nyuma siku lori linapowasili. Dawa ya shida hiyo ni makabati ya vipande, yaani masanduku ya vipimo maalumu, yanayofungwa kwa skrubu na bolti na kupangwa katika umbo la herufi U. Mume na mke waweza kuyafunga wenyewe, na kuyafungua wenyewe.

Fikra ya kupanga jikoni kwa vipimo si ngeni. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo kutoka Austria, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, alisanifu jikoni kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Chumba kilikuwa na upana wa meta 1.9 na urefu wa meta 3.4 tu. Alijifunza kutoka kwa majiko ya mabehewa ya chakula ya garimoshi, ambamo mpishi hufanya kazi kubwa katika nafasi finyu. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Umbo la U lina faida hiyo hiyo: mpishi husimama katikati, na sinki, moto na mahali pa kukatia mboga vyote vi karibu na mkono wake.

Kazi huanza kwa kupima, wala si kwa kununua. Kila upande wa U huchukua sentimita 60, na nafasi ya kusimama katikati isipungue sentimita 120. Kwa hiyo chumba chenye upana usiofika sentimita 240 hakifai kwa U. Afadhali kupanga pande mbili tu. Pimeni upana mahali patatu: sakafuni, kiunoni na mabegani, kisha mfuate kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, kwa maana kuta nyingi hazikunyooka. Kuijaribu kona, wekeni alama sentimita 60 kutoka konani katika ukuta mmoja na sentimita 80 katika ukuta wa pili. Umbali baina ya alama hizo ukiwa sentimita 100 kamili, kona ni sawa.

Sasa tafuteni mahali palipoinuka kuliko pote sakafuni, kwa kutumia pima maji juu ya ubao mrefu ulionyooka. Kutoka hapo pandeni sentimita 86, mpige mstari wa usawa kuzunguka kuta zote tatu. Huo ndio mstari wa vichwa vya makabati: miguu sentimita 14 na sanduku sentimita 72. Ubao wa juu wenye unene wa sentimita 4 hukamilisha kimo cha sentimita 90.

Askari ajuaye kufungua bunduki na kuiunganisha tena hatashindwa na kazi ya masanduku. Tandikeni blanketi, pangeni vipande kwa zamu yake, hesabuni skrubu. Msikaze mpaka mwisho kabla ya kupima kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikilingana, sanduku limesimama sawa. Msitumie gundi, na ubao wa nyuma ufungwe kwa skrubu badala ya misumari. Gundi ni adui wa uhamisho.

Sanduku la kwanza huwekwa konani, na makosa yake hurithiwa na yote yanayofuata. Zungusheni miguu yake mpaka pima maji ikiri usawa pande zote mbili. Kisha jazeni ukuta wa nyuma hadi kona ya pili, ndipo mje kwenye mikono ya U. Katika kila kona acheni mwanya wa sentimita 5 au zaidi, mwuzibe kwa kibao, la sivyo droo ya upande mmoja itagonga mkono wa mlango wa upande wa pili. Bananisheni masanduku kwa jiriwa kabla ya kutia bolti. Pande tatu zikishafungamana, U hujishikilia yenyewe.

Ubao wa juu ufungwe kutoka chini, kwa skrubu fupi zisizotoboa uso wake. Tundu la sinki lichorwe kwa kufuata karatasi ya kipimo iliyokuja nalo. Kingo zilizokatwa zipakwe vanishi, kisha silikoni chini ya sinki. Mbao za chembechembe zikinywa maji huvimba, wala hazirudi kamwe katika hali yake. Kwa sababu hiyo hiyo msiondoe miguu: huyaepusha masanduku na maji ya kupigia deki.

Makabati ya ukutani ni jambo la tahadhari. Ombeni kwanza ruhusa ya ofisi inayosimamia nyumba. Yafungwe katika ukuta wa matofali au zege tu, kwa plagi za ukutani, wala msitoboe juu, chini au kando ya soketi na swichi, kwani nyaya za umeme hupita humo. Kabati lililojaa sahani likianguka laweza kumwua mtoto. Ruhusa isipopatikana, rafu inayosimama sakafuni yatosha.

Nyaya za umeme apewe fundi aliyehitimu. Mtungi wa gesi usimame wima penye hewa, na mpira wake ujaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa ndani ya U: cheche huunguza mbao, na moshi usioonekana huua watu waliolala.

Nunueni masanduku ya sentimita 40 na 60 badala ya makubwa, kwa maana chumba cha Gulu hakitakuwa na kipimo cha Mbarara. Madogo hupangika upya, hata kama ubao wa juu utahitaji kukatwa tena. Andikeni namba chini ya kila sanduku, chora ramani ya jikoni, na skrubu zake zitieni katika mfuko uliofungwa ndani ya droo. Hivyo barua ya uhamisho ikija, mama hataacha jasho la miaka katika nyumba ya mwingine.