Picha Yako Ni Kali, Ila Yule Dogo Umemuuliza?

Wadau wangu, leo siongelei nani kaachana na nani. Hizo zipo, na mbili za moto nimezihifadhi, mtazipata wiki ijayo. Leo nina langu la moyoni kuhusu ile picha.

Ile picha mnaijua. Dogo wa kama miaka 13, kakosa penalti, kapiga magoti kwenye mchanga, machozi na kamasi vimechanganyika, jezi ya kaka yake inamvuka begani. Aliyeipiga ni kaka mmoja mkubwa hapa mjini, jina kapuni, ambaye tumezoea kumuona akipiga mastaa kwenye birthday zao. Siku hiyo sijui nani alimpeleka mchangani. Kaiposti usiku, asubuhi imeenea kila kona. Maoni yote yale yale: "bonge la picha", "we ni noma", "kamera imeongea". Na mimi nilikuwepo, niliweka vimoto vitatu, sijifichi. Siku ya tatu ikawa stika ya WhatsApp. Mtu akinyimwa hela anaituma. Timu yake ikifungwa anaituma. Uso wa mtoto wa mtu huo.

Kiukweli picha yenyewe ni kali. Jua la saa kumi na moja limempiga pembeni, nyuma wenzake wamesimama wameshika viuno, hakuna bodaboda wala nguzo ya umeme inayomtoka kichwani. Na jamaa alishuka chini, akapiga usawa wa macho ya mtoto. Wengi tunapiga watoto tukiwa tumesimama, wanatoka vichwa tu kama tunawahesabu darasani. Kwa hiyo sisemi hajui kazi. Kazi anaijua sana.

Shida ninayoiona ni sisi tunaotoa maoni. Hapa mjini mtu akiposti picha tuna majibu mawili tu: "moto" au matusi. Hakuna katikati.

Mimi huu mwaka wa pili napiga picha za mchangani, kamera ya mtumba. Picha zangu mia za mwanzo zilikuwa migongo ya watoto na vumbi. Nikiposti, washkaji wanasema "kali kaka". Nikaamini! Siku moja kocha wa vijana wa pale Temeke, mzee wa watu, kachukua simu yangu, kaangalia moja moja, kanirudishia. Akaniuliza, "Mwanangu, mpira uko wapi? Na huyu ni nani, maana mimi nawafundisha na siwajui kwa migongo." Iliniuma bana. Nililala na hasira. Ila kesho yake nikaenda kukaa nyuma ya goli, nikawa nasubiri waje kwangu badala ya kuwakimbiza, na ndo mara ya kwanza nikapata uso na mpira kwenye picha moja.

Mengine nilijifunza hivyo hivyo, kwa watu kunichana. Kwamba mtoto anayekimbia ukimpiga kwa 1/125 miguu inageuka ukungu, panda mpaka 1/1000 kama mwanga unaruhusu. Kwamba ikikaribia saa kumi na mbili na nusu mwanga wetu unakatika haraka, ukiilazimisha kamera picha inajaa chenga. Kwamba jua likiwa nyuma ya watoto weusi kama sisi na kamera umeiachia yenyewe, mbingu inatoka nzuri na sura zinatoka giza, hapo lazima uongeze mwanga mwenyewe hata mbingu ikiungua. Na kama unamtumia mzazi kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo inafika imechakaa. Hakuna hata moja kati ya hayo nililojifunza kutoka kwenye kimoto.

Halafu kuna maoni ya madogo wenyewe, hayo ndo yananinyoosha. Mpira ukiisha wananizunguka, vichwa ishirini kwenye kioo kidogo. "Broo futa hiyo, nimefumba macho." "Hiyo nitumie kwa simu ya mama." Kuna mmoja aliona picha yake anaruka, bukta imechanika nyuma, chupi inaonekana. Mimi naona ile ndo picha yangu bora ya mwaka. Yeye hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo usiiweke." Nikamwambia poa. Nikakaa nayo siku mbili, ukweli wa Mungu, najiambia nitaikata kidogo tu isionekane. Mwisho nikaifuta. Mpaka leo nikiikumbuka naumia, ilikuwa picha aisee. Ila bukta ni yake.

Najua mtaniambia ukianza kuomba ruhusa tukio limeshapita. Piga basi, nani kakukataza kupiga? Kati ya kupiga na kuposti kuna masaa. Kocha yupo pale, mama anauza mihogo pembeni ya uwanja, dogo mwenyewe yupo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na toka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sio mwanasheria mimi, ila hata bila sheria, kumuuliza mama wa mihogo inachukua dakika mbili. Mchezaji wa Simba au Yanga akilia kwa Mkapa, yule ni mtu mzima, analipwa, ana watu wa kumsemea. Dogo wa mchangani hata viatu kaazima.

Na sio kwamba nataka watu waache kupiga. Wengi wa wale madogo hawana picha hata moja wakicheza. Mwezi uliopita nilisafisha picha kumi nikawapelekea, mmoja kaibana ukutani na gundi ya maandazi, yani unga na maji. Zile nimeridhika nazo kuliko likes zote nilizowahi kupata.

Sasa yule wa penalti. Nilipita pale uwanjani Jumamosi. Mazoezini anakuja, hajaacha. Ila nilivyotoa kamera tu kwenye begi, kavuta jezi kajifunika uso, kakimbilia nyuma ya goli. Wenzake wakaanza kumuita kwa lile neno lililoandikwa kwenye stika. Nikairudisha kamera kwenye begi, siku hiyo sikupiga kitu.

Kaka, najua huwa unapita hapa. Picha bado ipo kwenye ukurasa wako, juu kabisa umeibandika. Ishushe. Na nyie wenye ile stika, nimeiona mpaka kwenye grupu letu la mtaa. Futeni.