Sikio ndilo linalobadili lugha

Haya wadau, bumu bado halijaingia, kwa hiyo leo tushibe isimu kwanza.

Kuna watu wakimsikia konda anasema "vipilefti" wanashika kichwa: Kiswahili kinakufa! Eti neno la Kiingereza "keep left" ni amri tu ya kushika kushoto, huo wingi umetoka wapi?

Nami nawauliza, mbona mnasema "vitabu"? Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na wingi wake huko ni kutub. Ile ki- haikuwa kiambishi hata kidogo. K yake ni ya mzizi k-t-b, uleule uliotupa katibu na maktaba. Ila wazee wetu walisikia "kitabu" wakakipanga pamoja na kiti na kisu: viti, visu, vitabu. Imetoka hiyo!

Jamani, msemaji anatoa sauti tu, sarufi yake inabaki kichwani mwake. Msikilizaji ndiye anayelikata neno upya kwa ngeli anazozijua. Na kwenye umoja hakuna atakayegundua, maana wote wawili mnatamka sawa. Siku ukitaja wingi ndipo inajulikana kwamba neno limeshahama. Mafundi baiskeli walisikia "mudguard" kama madigadi, yaani nyingi, basi moja ikawa digadi. Hata Waingereza wenyewe walikuwa na "a napron", masikio yakakata vibaya, leo wanasema "an apron".

Sasa sisi wa Elimu hili linatuhusu. Tukienda mazoezi ya kufundisha tutakutana na mtoto kaandika "vipilefti", na kuna walimu watamcheka mbele ya darasa au kumchapa. Mtoto huyo ametuonyesha kwamba ngeli ya KI-VI anaijua barabara! Kama mtihani unataka Kiswahili sanifu, mfundishe neno sanifu, sawa, lakini mweleze kwa nini. Ukimcheka, kesho hanyooshi tena mkono, na hapo umepoteza mwanafunzi kwa sababu ya wingi wa neno moja.

Na kabla hujashika fimbo, kumbuka jina lako. "Mwalimu" limetoka kwenye mu'allim ya Kiarabu. Watu walisikia ile mu- wakaiona ndugu ya mtu na mwana, wakasema "walimu". Kwa hiyo cheo chetu chenyewe ni kipilefti cha zamani!

Mnasemaje wadau?