Wanafunzi Nao Wasikizwe Kuhusu Vyuo vya Kibinafsi

Mwanafunzi wangu wa zamani alinijia akiwa na cheti mkononi na machozi machoni. Alikuwa amesomea uhasibu kwa miaka miwili katika chuo kimoja cha kibinafsi, karo ikilipwa kwa fedha za shamba alilouza mamaye. Alipokwenda kutafuta kazi, aliambiwa kwamba chuo hicho hakikuwa na idhini ya kufunza kozi hiyo. Aliporudi kuuliza, alikuta mlango umefungwa na bango limeng'olewa.

Si kwamba sheria hazipo. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 iliyoanzisha mamlaka ya TVETA inakataza chuo kufunza bila ya kusajiliwa na kupewa leseni. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala wetu. Kwa hivyo, kila kanuni za vyuo zinapotungwa, umma hauna budi kuulizwa.

Lakini ni nani hasa anayesikizwa? Aghalabu tangazo hutolewa kwa Kiingereza, na mkutano ukaitishwa saa za masomo. Wenye vyuo huja na mawakili wao. Mwanafunzi yuko darasani, mzazi yuko shambani. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisemi wenye vyuo wanyamazishwe. Wengi wao hufunza vyema, nao huharibiwa jina na matapeli. Ninalosema ni kwamba wanafunzi wafuatwe waliko: vikao vifanywe vyuoni, katika kila kaunti, kwa Kiswahili, baada ya masomo. Naamini wataomba mambo matatu: kozi zilizoidhinishwa zibandikwe langoni, karo irudishwe chuo kinapofungwa, na kila mtahiniwa aonyeshwe mapema ithibati kwamba amesajiliwa kwa mtihani.

Walimu wenzangu, nasi tusingoje kuitwa. Tuwafunze watahiniwa wetu wa kidato cha nne kuuliza leseni kabla ya kulipa hata shilingi moja. Na maoni yanapoalikwa, tuwasaidie wale waliotapeliwa kuyaandika yaliyowapata. Barua haihitaji nauli.

Kijana yule aliniuliza swali moja kabla ya kuondoka: "Mwalimu, mbona sisi hatukuulizwa?" Sikuwa na jibu. Wanaotunga kanuni wanapaswa kuwa nalo.