Lugha Hukaa Mwituni

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Wasomaji wapenzi, leo twawaleteeni habari za Wamikmaki, wenyeji wa pwani ya mashariki ya Kanada. Ni ndugu zetu katika imani tangu zamani, maana mkuu wao Membertou alibatizwa tarehe 24 Juni 1610.

Twasema kwa huzuni kwamba jeraha lao lilitoka pia mikononi mwetu. Katika shule ya bweni ya Shubenacadie, iliyoongozwa na watu wa Kanisa tangu 1930 hata 1967, mtoto aliyesema lugha ya mama yake aliadhibiwa. Wengi walirudi nyumbani wasiweze tena kuongea na nyanya zao. Mwezi wa Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda Kanada kuomba msamaha kwa ajili ya shule za namna hiyo.

Lakini msamaha peke yake haurudishi maneno. Nani atayarudisha? Huko Eskasoni, katika kisiwa cha Cape Breton, watoto wadogo hufundishwa kwa Kimikmaki. Tena wazee huwatoa darasani, wakawapeleka mwituni na mtoni.

Kwa nini mwituni? Kwa sababu Kimikmaki ni lugha ya vitendo: sehemu kubwa ya maneno yake hueleza jambo linalotendeka. Mwezi wa Mei huitwa Sqoljuiku's, yaani mwezi wa vyura kulia. Asiyesimama kando ya bwawa jioni hupata sauti ya neno tu, wala hapati maana yake. Mzee hupondaponda gogo la mti uitwao wisqoq hata libanduke vipande vyembamba vya kusukia vikapu. Mtoto akitazama na kushika, neno laingia pamoja na kazi. Hapo hujifunza pia netukulimk: kutwaa katika nchi kinachokutosha, na kuwaachia watakaozaliwa. Siku hizi mti ule umekuwa haba, na ukitoweka, maneno yake yatabaki bila makao.

Nasi wazazi, tujiulize: mtoto wetu ajua jina la mti ulio nyuma ya nyumba, kwa lugha ya nyanya yake? Kama hajui, tusimngojee mwalimu. Tumpeleke shambani pamoja na nyanya, naye nyanya angali hai.