Mcheza kwao atunzwe, ila si mashindanoni

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ni methali yenye busara inapohusu arusi, jando au sherehe ya kijiji, mahali ambapo mchezaji na mtazamaji ni ndugu. Lakini methali hiyo hiyo inapopenyezwa katika mashindano ya shule, hugeuka kuwa dhuluma isiyo na mlalamishi. Naona wakati umewadia wa kuisema waziwazi.

Nazungumzia Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927 na ambalo hadi leo huwakutanisha watoto wetu kuanzia ngazi za chini hadi ya taifa, baadhi ya washindi wakipata fahari ya kutumbuiza mbele ya Rais. Katika ngazi za chini, aghalabu mashindano hufanyika katika shule yenye ukumbi mkubwa. Shule hiyo huwa mwenyeji na papo hapo huwa mshindani. Wanafunzi wake hufanyia mazoezi juu ya jukwaa lile lile watakaloshindania, ilhali wapinzani wao hulikanyaga kwa mara ya kwanza waamuzi wakiwa tayari wameshika kalamu.

Je, hii ni haki? Swali hili lina uzito wa pekee Kibera na Kawangware. Kawangware imepakana na Lavington, mtaa wa majumba na bustani. Kibera nayo imekaa karibu na uwanja wa gofu na nyumba za Lang'ata. Katika mitaa yetu hii miwili, watoto wengi husomea katika shule ndogo za mabati zilizoanzishwa na makanisa, vikundi vya wakazi au watu binafsi, kwa kuwa shule za umma hazitoshi. Shule hizo hazina ukumbi. Ngoma hufanyiwa mazoezi katika upenyo ulio kati ya madarasa, kanisani baada ya ibada, au katika kiwanja cha vumbi kinachogombewa na wacheza kandanda.

Wapo watakaonijibu kwamba asiyejua kucheza husingizia uwanja. Hebu basi tuuchunguze uwanja wenyewe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mpiga ngoma akisimama mita 17 kutoka kwa mwimbaji wa mwisho, pigo lake humfikia huyo baada ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Ndani ya ukumbi, pigo hilo hugonga ukuta na kurudi kama mwangwi, na waimbaji wasiouzoea hujikuta wakifuata mwangwi badala ya ngoma. Isitoshe, ukumbi mtupu huvuma kuliko uliojaa watu, kwa sababu miili na nguo hufyonza sauti.

Chukua mfano wa isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo. Mtoto aliyezoea kuipiga nje, ambako sauti hupotea hewani, akiipiga kwa nguvu zile zile ndani ya ukumbi atamzamisha kiongozi wa wimbo. Mwenyeji hawezi kufanya kosa hilo, kwani amekwisha kujua ngoma isimamishwe wapi na ipigwe kwa nguvu kiasi gani. Anajua vilevile hatua ngapi zinalimaliza jukwaa, mlango upi unafaa kuingilia, na ubao upi unateleza. Hayo yote si kipaji. Ni manufaa ya kuwa na ufunguo wa ukumbi, na pale ambapo tofauti ya alama moja yaweza kumvusha mmoja na kumrudisha mwingine nyumbani, ufunguo huo una thamani kubwa.

Wenzetu wa michezo waliliona tatizo hili zamani. Katika mechi za kimataifa za kandanda barani Afrika, kanuni za CAF huipa timu ngeni nafasi ya kufanya mazoezi katika uwanja wa mechi siku moja kabla, tena saa ile ile ya mchezo. Hakuna anayedhani kwamba saa moja ya mazoezi itafuta faida yote ya nyumbani. Hata hivyo kanuni hiyo yakiri jambo la msingi, kwamba mgeni naye anastahili kuzijua nyasi kabla ya kuhukumiwa juu yake.

Hata Marekani, ambako bendi kubwa za vijana za ngoma na tarumbeta hushindana kila kiangazi chini ya chama cha Drum Corps International, suala la nani amepata kufanya mazoezi ndani ya uwanja wa mashindano huzua mjadala. Tangu mwaka wa 2009 fainali zao zimezoea kufanyika Indianapolis katika uwanja unaofunikwa paa, na paa hubadilisha sauti. Ikiwa wenye mabasi na vifaa tele hulijali jambo hili, seuze mtoto wa Kawangware aliyebeba ngoma yake begani?

Baadhi ya watu hupendekeza mwenyeji apigwe marufuku kukanyaga jukwaa lake. Mimi siafiki. Marufuku ya namna hiyo haina mlinzi. Nani atakesha katika kila shule akihesabu nyayo? Tena lengo la tamasha ni kuinua muziki, si kuudhoofisha. Dawa ni kuufungua mlango kwa wote. Hesabu si ngumu. Vikundi 24, kila kimoja kikipewa dakika 10, vitatumia saa 4, yaani alasiri moja. Zamu zipangwe kwa kura, na mwenyeji achague karatasi yake kama wengine. Wanaotoka mbali, ambao hawana nauli ya kuja mara mbili, watengewe zamu za alfajiri ya siku yenyewe kabla ya waamuzi kuketi. Pale ambapo muda hautoshi kabisa, na utafutwe ukumbi usiomilikiwa na mshindani yeyote.

Najua mwenyeji hugharimika. Hutoa viti, maji na umeme, na masomo yake huvurugika. Anastahili shukrani, na ikiwezekana fidia. Asilipwe kwa alama, maana alama si mali ya waandalizi hata waigawe.

Kwa mtoto wa shule ya mabati, tamasha ni mojawapo ya mahali pachache anapopimwa katika mizani moja na mtoto wa jirani mwenye nacho. Madarasa yao hayalingani, wala vitabu na chakula chao cha mchana. Jukwaani angalau walingane. Akishindwa kwa sababu wimbo wake ulikuwa hafifu, atarudi nyumbani akajifunze. Akishindwa kwa sababu ya sakafu, atajifunza jambo jingine kabisa: kwamba mizani ya nchi hii imeegemezwa upande mmoja tangu utotoni. Funzo hilo halisahauliki upesi.

Walimu wakuu wa shule zenye kumbi hawana haja ya kungoja waraka kutoka juu. Yatosha kuwaandikia majirani wao barua fupi ya kuwaalika kabla ya siku ya mashindano. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Mwenyeji atakayeshinda baada ya kuufungua mlango wake atakuwa ameshinda kweli, wala hapatakuwa na wa kumnong'onea kisogoni.